Namba Aliyoiita Uchafu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya isotopu, fundi mkuu wetu anastaafu. Sisi tunamwita Bibi Madoa, na jina hilo alilitolea jasho. Alikuwa akiona doa pale tulipoona kioo kinang'aa. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kurudishwa mlangoni kwa kosa la kujipaka manukato, akaenda kunawa kama mtoto wa chekechea.

Kazi yake ilikuwa kuyasoma maji ambayo hakuna aliyeyaona. Sakafu ya bahari inapozama chini ya visiwa hivi hukamuliwa maji. Maji huyeyusha mwamba ulio juu yake, na hiyo ndiyo magma ya mlima wetu wa volkano. Alama yake hubaki ndani ya mawe, katika uwiano wa isotopu mbili za elementi iitwayo boroni, ile nzito na ile nyepesi. Balaa ni kwamba hata jasho letu lina boroni. Tone moja tu, na kipimo kimeharibika. Mtindo wake wa kuosha vyombo kwa asidi siku kumi mfululizo sasa wanakuja kujifunza hata wageni.

Miaka kumi na minane iliyopita, jiwe moja la kileleni lilitoa namba ya juu kupita kiasi. Kama ilikuwa ya kweli, maji mengi mapya yalikuwa yamefika kwenye magma, na mlima ungeweza kulipuka. Aliiita uchafu, akaikata, akapima jiwe la ubavuni. Hilo lilikuwa la kawaida, na ripoti ikasema hakuna badiliko. Siku tisa baadaye shemeji yetu, mumewe, ambaye ndiye aliyekuwa akituletea mawe, alipanda kuchukua mengine. Mlima ulilipuka. Hakurudi.

Yeyote kati yetu angeikata namba ile. Wala hatujui kama ingemzuia shemeji. Alikuwa mbishi kweli kweli. Lakini majuto ni mjukuu, na huyu Bibi Madoa amemlea peke yake.

Kilikuwa kimebaki kipande cha jiwe lile, kikubwa kama ukucha. Kukipima ni lazima ukisage, na hakisagwi mara mbili. Jumatatu iliyopita alikitoa kabatini, akakisaga mbele yetu, akapima. Namba ikawa ile ile.

Alifungua daftari la mwaka ule, akaandika kando ya kosa lake kwamba haukuwa uchafu, akatia sahihi. Kisha akatuagiza tusilifiche katika wasifu huu. Tumetii, ingawa mkono ulikuwa mzito.

Asante kwa kazi, dada yetu. Tunakuombea afya, usingizi, na siku ambayo utastaafu pia kujilaumu.