Mguu Uliokatazwa Wembe: Maisha ya Marehemu Agnes Akoru

Marehemu Agnes Akoru alizaliwa mwaka wa 1961 hapa Lodwar, kifungua mimba wa Mzee Nanok. Mimi ninayesoma ni mdogo wake. Wazee wameniomba nisome polepole na nisitaje watu. Nitasoma polepole.

Alisoma hadi darasa la sita. Mwaka wa 1976 mguu wake wa kushoto ulivimba bila jeraha. Wenzake walisema amerogwa, wakakataa kuketi naye dawati moja, naye akaacha shule. Baadhi yao wako hapa leo, wanalia.

Mwaka wa 1980 aliolewa na Bwana Erupe, ambaye hakuuonea mguu ule haya hata siku moja. Hilo nampa haki yake. Walijaliwa binti, Nabei. Mwaka wa 1992 walihamia Kakuma, Akoru akawa anauza chai na mandazi kwenye kituo cha mabasi ya Lokichoggio.

Huko ndiko alikotibiwa na muuguzi Anyieth wa kambi ya wakimbizi, naye mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan. Alimweleza kwamba mishipa yake ya kurudisha maji ya mwili ilikuwa hafifu tangu kuzaliwa, na kwamba ugonjwa huo hauponi lakini hutunzika. Akamfundisha kuosha mguu kwa sabuni, kukausha katikati ya vidole, kufunga bendeji kutoka vidoleni kupanda juu, na kulala mguu umeinuliwa. Akamwonya: "Hii mguu hapana chanja. Kidonda kidogo tu, inakuua."

Mguu ulipungua. Siku kiatu cha akala kilipouenea mguu ule, Akoru alizunguka soko lote la Kakuma eti anatafuta chumvi, na chumvi anayo nyumbani. Tulicheka, jamani.

Mwezi wa Mei mwaka huu, 1997, alikuja Lodwar kwa matanga ya mama mkwe. Shemeji yake, Mzee Lokol, alipoona mguu umepungua akasema maji yameanza kukubali kutoka, sasa yasaidiwe. Akoru alikataa. Akaambiwa asilete sheria za kambi kwenye boma la mumewe, na Erupe alikuwa mbali Kakuma. Mbuzi akachinjwa, mguu ukachanjwa kwa wembe, ukapakwa majani ya tumboni mwa mbuzi. Baraka hiyo sisi Waturkana hupaka kwenye ngozi nzima. Nani aliwahi kuipaka kwenye kidonda? Homa ikamshika, nao wakangoja baraka ifanye kazi. Alipofikishwa hospitali, sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu.

Alifariki Jumapili, tarehe 15 Juni. Aliniambia, "Nilikataa. Waambie nilikataa." Haya, mmesikia.

Ameacha mume, mimi dada yake, mashemeji, na Nabei, mwenye miaka kumi na mitano. Tangu Pasaka kifundo cha mguu wa Nabei kimeanza kuvimba. Mzee Lokol, asubuhi nimekuona ukikiangalia. Baba yake amekubali, na kesho nampeleka kwa Anyieth.

Pumzika kwa amani, dada. Huyu hawatamgusa.