Daftari la Kwanza Lisikatwe

Sogeeni karibu, wanangu, sauti yangu haifiki tena hata mlangoni. Sidonie, binti yangu, weka chini hilo bakuli la supu ushike kalamu. Na wewe mkwe wangu Leberecht, acha kutazama saa. Jumatatu utakalia kiti changu cha uprofesa, leo bado ni changu.

Nyumba ni ya Sidonie, pamoja na jiko la vigae na vitabu vyote. Hilo halina mjadala. Nilichowaitia ni madaftari yangu kumi na mawili ya mihadhara.

Nilipofika mji huu, historia ya falsafa haikuwa somo. Ilikuwa porojo ya kuwachangamsha wanafunzi kabla ya mantiki: nani aliishi ndani ya pipa, nani alitumbukia kisimani akitazama nyota. Nikasema hapana, mawazo ya watu yana safari yake, yafuatwe kwenye maandishi yenyewe, na somo liwe na profesa wake. Wendelstadt, mkuu wa kitivo, akacheka mbele ya baraza zima: "Mnamsikia huyu? Anataka cheo cha kusimulia maiti!" Mpaka leo namchukia, na Mungu anajua. Miaka tisa niligonga mlango ule ule.

Sasa sikieni nililowaficha. Mwaka wa kumi Wendelstadt aliniita faragha. "Kiti utapata," akasema, "ila daftari la kwanza litoe. Wamisri, Wahindi, Wahabeshi, hao wana hekaya tu. Anza na Wagiriki, la sivyo tutachekwa hadi Berlin." Nami nilikuwa nimewasoma, nikijua fika kwamba ni watu waliohoji na kujibishana kama sisi. Nikalitoa. Nikalifunga uzi, nikalizika kwenye sanduku la mashuka. Miaka thelathini na moja nimeanza na Wagiriki, na wanafunzi wangu sasa ni maprofesa kila mji, wanafundisha uongo wangu wakidhani ni elimu. Naona haya, wanangu. Nilipigania somo, kisha nikalikata kichwa ili lipite mlangoni.

Leberecht, usiniambie, "Baba, tutakosana na wakubwa." Tukosane! Tangazo la mihadhara ulilobandika, "Tangu Wagiriki hadi Leo," libandue. Jumatatu saa mbili asubuhi anza na daftari la kwanza, na kabla ya yote waambie mzee alidanganya ili apate kiti. Unitaje kwa jina. Ukishindwa, Sidonie asikupe hata ukurasa mmoja wa hayo mengine; yeye ndiye aliyeyanakili, ni yake.

Vijana watasugua viatu sakafuni, kama kawaida yao wasipopenda neno. Kelele ile naijua, humfanya mtu mzima atamani kulia. Wewe usinyamaze.

Maji, Sidonie... inatosha. Nawabariki nyote wawili, Mungu awape vifua vya kustahimili. Litoe daftari la kwanza sandukuni, ufungue uzi wake, umpe mumeo.

Soma, Leberecht. Sidonie, sugua viatu sakafuni kama hao vijana. Sugua, binti yangu, kwa nguvu, usimwonee huruma... Paza sauti, mkwe wangu. Zaidi, Sidonie...

Vizuri. Bado... bado namsikia.