Msinadi Jeneza kwa Kipaza Sauti

Sogeeni karibu wanangu, na wewe kaka mtu weka hiyo simu chini, maana sauti iliyonibakia ni kidogo na sina ya kurudia. Nimewaita kwa sababu karakana ni moja nanyi mmeanza kuigombea kabla sijafumba macho. Msidhani sisikii mnavyonong'onezana huko nyuma. Ukuta huu niliupiga mimi mwenyewe, tena kwa mbao nyembamba.

Mwanangu wa kwanza, nakupenda, lakini ulinitia aibu mtaa mzima. Kazi ilipolala kidogo ukakodi kipaza sauti, ukasimama mlangoni kutangaza jeneza nusu bei, wiki hii tu. Nani alikuja? Alikuja mzee wa nyumba ya pili, anatetemeka, kuniuliza daktari wake kaniambia nini. Bei ya jeneza uishushe utakavyo, hakuna atakayesema basi ngoja nife leo niiwahi. Na ukiipandisha, aliyefiwa atanung'unika lakini atanunua, kwani maiti hangoji bei ishuke.

Na wewe binti yangu usicheke, zamu yako imefika. Yale makabati yako yamekaa mpaka panya wamezalia ndani, nawe hutaki kupunguza hata kidogo, wimbo wako ni kizuri chajiuza. Kabati si jeneza, mama. Kabati likiwa ghali mtu hutundika shati kwenye msumari na maisha yakaendelea. Likishuka kidogo tu, hata asiye na nguo za kulijaza atakuja kuuliza. Tena uliona kila fundi anatengeneza makabati, nawe ukaongeza mengine. Kitu kikijaa kila mlango, mnunuzi hujifanya mfalme.

Basi sikilizeni. Majeneza nampa binti, kwa kuwa neno lake halipindi. Vitanda, viti na makabati nampa kaka yake pamoja na kelele zake, apunguze bei na atangaze mpaka koo limkauke, huko kutamfaa. Lakini karakana msiigawe. Mkiigawa atakayechekelea ni Misumari Miwili, yule fundi wa ng'ambo ya barabara, ambaye sijamsamehe tangu jeneza lake lilipoachia kitako njiani kwenda makaburini, halafu akasema marehemu alikuwa mzito.

Hata hivyo yupo, binti yangu, usimsahau. Mwenye msiba hawezi kukataa jeneza, ila kuvuka barabara anaweza. Kufa kufaana, sikatai, nyinyi wenyewe mmesomeshwa na vifo vya watu. Lakini usimkamue mtu kwa kuwa analia. Msiba ukiisha atakumbuka bei, na atawasimulia wenzake.

Nipeni maji. Taratibu. Ahsante.

Lile jeneza la mbao ngumu mlilolipiga msasa jana ni langu. Nimejilaza ndani nikalipima, mabega yanaenea. Nimeishi vizuri nanyi, na kuwaacha kunaniuma kuliko huu ugonjwa. Mungu awape umri, awape mikono isiyokatwa na msumeno, na wateja wa vitanda wawe wengi kuliko wa majeneza. Mpendane, wanangu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nani huyo anabisha hodi? Mwanamke? Analitaka lile la mbao ngumu... Amefiwa na nani, mama yake?

Mpeni. Yeye anazika leo, mimi bado... bado napumua. Msibishane, nendeni wote wawili. Dada ataje bei, kaka ambebee hadi kwenye gari. Bei ile ile, msiongeze kwa kuwa analia, msipunguze kwa kuwa... mimi nimekwisha kulilalia.

Kisha mrudi mnianzie jingine. Upesi kidogo, wanangu, pumzi yenyewe... mwaiona. Kwa Misumari Miwili mimi siendi.