Daktari Pélagie na Mikono ya Fundi wa Sange

Tarehe 30 Juni, Daktari Pélagie Ninahazwe anastaafu baada ya miaka ishirini na tisa katika kituo chetu cha afya ya wafanyakazi, hapa Uvira. Mtaani Rugenge wanamwita Mama Ngozi, naye huitika.

Alipoanza, kila aliyewashwa mikono alipewa dawa ya upele na kurudishwa kazini. Yeye aliomba chumba kidogo, akaanza kupima mizio: plasta zenye vitu vinavyoshukiwa zinabandikwa mgongoni, mgonjwa anakaa nazo siku mbili bila kuzilowesha, kisha ngozi inaangaliwa. Kwa joto letu la ziwani, kumzuia mtu asioge mgongo si kazi ndogo. Aliwapigia simu mwenyewe kuwagombeza.

Hatumsahau Frédéric, fundi wa kujenga kutoka Sange. Alifukuzwa kazi kwa kudhaniwa ana ukoma, akaja amefunga mikono kwa kitambaa. “Docteur, minye siko na bukoma,” alisema, “lakini hata kwangu wananitengea sahani ya peke yangu.” Mwajiri alidai ni sabuni ya nyumbani iliyomharibu. Daktari Pélagie alipanda basi hadi Sange, akaichukua sabuni hiyo, akaipima pamoja na kromu, madini yaliyomo katika saruji. Penye sabuni ngozi ilibaki safi. Penye kromu ilivimba.

Mbele ya tume ya fidia, mwakilishi wa kampuni alimuuliza mbona mafundi wengine ni wazima. “Mwili wa huyu umekwisha kuikataa saruji,” alijibu. “Hao wengine bado mnaweza kuwakinga.” Tume ilikubali kuwa ni ugonjwa wa kazi. Frédéric alilipwa fidia, akajifunza useremala, na wenzake wakapewa glavu.

Hakupendelea upande. Josée, mfanyakazi wa hoteli, alilaumu dawa za kusafishia vyumba. Vipimo vikaonyesha kuwa kilichomdhuru ni rangi aliyopaka nywele. Aliambiwa ukweli, akaondoka amenuna. Ngozi ilipopona, alirudi na mikeke, samaki wa ziwani, wabichi, na kituo kizima tulikula.

Sasa Daktari Pélagie anakwenda Nyakabere kulima mpunga, akimwachia chumba Daktari Achille, aliyemfundisha mwenyewe. Kuanzia sasa, mgonjwa wa ngozi akiingia humo, kabla ya kuvua shati ataulizwa kama alivyotuzoesha yeye: “Unafanya kazi gani?”

Asante, Mama Docteur. Tunajivunia kufanya kazi nawe. Nenda kwa amani, upumzike vizuri, na siku zako ziwe njema.