Frigo ya Kwenda Kilwa

Boti ya injini ilitoka Nchelenge kwenda kisiwa cha Kilwa, katika Ziwa Mweru, nami nikakaa nyuma ya frigo, yaani jokofu. Mwenyewe, mama mmoja wa Kongo, aliishika kiunoni kama mtu anayemsaidia mgonjwa.

“Mama, kule Kilwa umeme hakuna,” muuza samaki mmoja mzee akamwambia.

“Najua, tata. Lakini bale ba kampuni balikuja kupima mto. Banataka kujenga baraji, bazuie maji batoe umeme.”

“Balikuja, bakaenda. Kule kusini mvua ilikosa, ziwa la baraji yao likashuka, mashine za umeme zikasimama. Sasa benye feza banaogopa kutia feza mu maji yoyote.”

“Hata mu haya yetu?”

Maji haya yetu mwaka huu yameingia mpaka majikoni mwa watu wa Mweru.

“Kwetu Likasi, mama yangu alikuwa anauzisha barafu,” yule mwenye frigo akasema taratibu. “Niko na hamu ya kulala nikisikia frigo inanguruma mu nyumba.”

Tulipofika Kilwa, injini ikazimwa. Vijana wakaibeba frigo, wakataka kuilaza mchangani.

“Hapana, muisimamishe!” yule mama akapiga kelele. “Umeme ikifika, isiikute imelala.”