Watu Walifuata Ngoma au Shimo?

Jumatatu asubuhi benchi la kahawa la Mama Tshibola, pale Manika teksi za pikipiki zinapokatia kona, lilijaa mapema. Nkwabi alikaa mwishoni, kimya. Msukuma huyu alizaliwa Magu, akakua na ngoma mapajani, akaja na lori Kolwezi, mji wa migodi wa Kongo, akamwoa Ntumba, akabaki. Jana, kwenye sikukuu ya parokia, alishindana na Mushiya, fundi wa madimba, marimba ya Kasai, kwa desturi ya Usukuma: makundi mawili hupiga kwa wakati mmoja, na watu huhamia kwa anayewavuta. Watu walihamia kwa Nkwabi. Lakini kwake kulikuwa na shimo. Alimwambia mkewe: kama walifuata shimo, ngoma naitundika ukutani.

Wachezaji wake ni wachimbaji vijana. Aliwafundisha bugobogobo, ngoma ya majembe, akasahau kuwaonya kwamba kwenye mashindano jembe hurushwa na kudakwa tu. Mdundo ulipochemka, wakachimba shimo kweli, jirani na goli la uwanja wa parokia.

— Tata Nkwabi, alisema Batri, mchimbaji aitwaye hivyo kwa kuisifu kutwa kobalti inayotengeneza betri, weye unatupigia mudundo ya kulima, unataka tufanye nini? Mikono inajua kazi yake.

— Tunacheza na jembe, Batri. Hatufukui uwanja wa padri.

— Padri alicheka.

— Alicheka kabla goli halijainama.

Direkta, mstaafu ambaye hajawahi kuongoza hata kuku, akakohoa.

— Batu balikimbilia shimo. Mutu alisema ameona malakiti, ile jiwe ya kijani ya shaba. Ngoma haikuvuta batu.

— Ilikuwa kipande ya chupa, Direkta, alisema Batri.

— Njo vile, alisema Direkta. Ile ngozi ya ngoma ni ya ng'ombe alilala ku reli ya Lubudi, treni ikamutetemesha. Ukipiga, udongo inatetemeka, bitu ya chini inapanda.

— Bongo, uongo mutupu, alisema Batri. Shaba inasikia ngoma. Ilikuwa inakuja mbio. Ilipoona batu mingi ikapata haya, ikajigeuza chupa.

— Mushiya njo alitupa ile chupa, alisema Mama Tshibola akimimina kahawa. Mikono ilimuuma, alitafuta namna ya kupumzika.

Nkwabi alicheka, kisha akaligeukia benchi zima.

— Niambieni kweli. Watu walikuja kwa ngoma au kwa shimo?

— Shimo, alisema Direkta.

— Nusu kwa nusu, alisema Batri, bila kumtazama.

Wivine, mshonaji aliyefika kununua kahawa, alikuwa amesimama akiwasikiliza. Jana alikuwa Likasi, hakuona lolote.

— Batata, baba zangu, batu balijua wakati gani ni chupa?

— Pale pale, alisema Direkta. Batri aliiinua, batu bote bakacheka.

— Na sikukuu iliisha wakati gani?

— Jua ilikuwa inaingia.

— Sasa batu balipoona ni chupa, juu ya nini habakurudia kwa Mushiya?

Batri akakuna shingo. Mama Tshibola akapangusa kikombe kilichokuwa safi. Pikipiki zilipita, abiria wakashuka.

Nkwabi akaelewa: baada ya chupa, walibaki kwa ngoma. Vidole vyake vikaanza kugonga benchi, polepole, na mguu wa Direkta ukafuata bila kuomba ruhusa.

— Direkta, lile shamba lako la muhogo, umeshalilima?

— Bado. Mugongo.

— Kesho tunakuja na majembe, alisema Nkwabi. Na ngoma.