Mkono Uliompungia Mulwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae na marehemu jioni hii. Tunamkumbuka Mulwa wa Kola, dereva, aliyezikwa Jumamosi. Nawaonya mapema: nimeingia studioni nimeudhika, na sauti yangu isipokuwa tamu mnivumilie.

Mulwa alikuwa dereva. Miaka ya tisini aliendesha lori la mbuzi la Mustaf, mfanyabiashara wa mifugo hapa Machakos mjini, hadi Athi River. Hakuwahi kugonga hata kuku. Mkewe, Syokau, anasema mbuzi walishuka kwake wakiwa wamesimama, na hiyo ndiyo sifa ya dereva wa mifugo.

Mwaka wa 1997 akapata kazi Ghuba, kuendesha lori la maji. Alitakiwa awe na cheti cha shule ya udereva. Shule moja mjini, ambayo sitaitaja jina, ikampa. Masomo yalikuwa meza. Meza, wasikilizaji, iliyochorwa barabara kwa rangi, na vigari vya kuchezea juu yake. Mwenye shule alikuwa akila mutura, utumbo uliojazwa nyama, huku akivisukuma kwa kidole kile kile kinachong'aa mafuta. Taa za barabarani zilikuwa njiti tatu za kiberiti. Nyekundu simama, kijani nenda, chai iko wapi? Mulwa akapanda ndege.

Kule alikuta mambo. Taa ya kijani inapepesa kabla ya kubadilika. Kuna mishale. Kuna ya njano inayowaka na kuzima, nayo haijaharibika, inakwambia upite kwa uangalifu. Hayo aliyashika polepole, kwa kupigiwa honi na kutukanwa. Lakini kuna jambo alitoka nalo nyumbani. Sisi tumezoea taa za Nairobi zilizokufa, au zinazowaka bila mtu kuzijali. Dereva wetu hatazami taa. Hutafuta sare, kisha mkono.

Asubuhi moja taa ilikuwa nyekundu. Kando ya njia panda alisimama mtu wa sare, akapunga mkono. Mulwa akakanyaga mafuta. Yule alikuwa bawabu wa duka, akimwita mwenzake ng'ambo ya barabara.

Mulwa alirudi mwaka wa 1999. Nyumbani alisema kampuni ilifungwa. Mustaf alikuja Kola mara mbili kumwomba arudi kwenye lori, akakataa. Akashika jembe. Syokau aliona mumewe amechakaa roho, akadhani ni aibu ya kurudi mikono mitupu.

Mwaka wa 2004 Wambua, mdogo wake Syokau, akapata kazi kama ile ile, huko huko Ghuba. Akaja Kola kuaga, cheti mkononi. Shule ni ile ile. Meza ni ile ile. Mama yao alikuwa ameshauza ng'ombe kwa ajili ya safari.

Syokau alikuwa akipakua muthokoi wa mahindi na maharagwe. Mulwa akamuuliza Wambua: ukifika kwenye taa, unaangalia wapi kwanza?

"Naangalia askari amesimama wapi," Wambua akajibu. Hakufikiri hata kidogo.

Mulwa akasukuma sahani. Akatoka, na Syokau akamsikia akitapika nyuma ya jiko. Aliporudi alisema Wambua hasafiri. Wambua akawaka, akasema shemeji ana wivu, aliyeshindwa hataki mwingine ajaribu. Syokau naye alikuwa upande wa ndugu yake.

Ndipo Mulwa akasema.

"Nimeua mtu, Wambua. Alikuwa mama, ametoka kununua mkate. Niliangalia huo mkate kwa barabara, maana sikuweza kumwangalia yeye. Halafu nikafungwa."

Syokau alisimama na mwiko. Miaka mitano amelala na mtu huyo, asijue. "Nilisikia kinyaa, siwezi kudanganya," aliniambia juzi. "Kwanza kwa mume wangu, Baba Kamene. Halafu nikafikiria ile meza, hicho kinyaa kikahamia huko."

Wambua akaahirisha safari. Kila jioni Mulwa alimfundisha kwa tochi na karatasi za peremende: nyekundu, njano, kijani. Syokau alivaa koti la mlinzi, akasimama kando akimpungia mkono ili akosee. Akikosea, Mulwa alimtukana mpaka akalia.

Mulwa amefariki kwa ugonjwa wa figo. Na jana, wasikilizaji, shule ile imetuletea salamu za rambirambi tuzisome hapa. Wanamwita Mulwa zao lao bora. Chini yake wameweka tangazo la masomo ya madereva wa ughaibuni. Niliisoma karatasi hiyo, nikaenda kunawa mikono. Nilimpigia Syokau. Alisema, "Huyo mwenye shule asitajwe kwa matanga ya bwanangu." Sitaisoma.

Nitawasomea maneno ya Wambua, niliyoyaandika alipopiga simu kutoka Ghuba. Hakupata ruhusa ya kuja kuzika. "Wiki yangu ya kwanza huku, nilisimama kwa taa nyekundu. Nyuma wananipigia honi, na kuna mtu wa sare anapunga mkono. Nikakaa. Watoto wa shule wakapita mbele ya bampa yangu."

Wasikilizaji wapendwa, dereva aliyewaleta nyumbani leo ana cheti. Jiulizeni alikipata kwenye meza gani.

Syokau, Kamene, Wambua, na wote wa Kola, poleni sana. Mungu amlaze Mulwa mahali pema. Na huko mbali kuna jamaa ambao mama yao alitoka kununua mkate. Mulwa hakuwahi kulijua jina lake, nasi hatulijui. Poleni na ninyi.